Glasi ya Mama ya Kila Ijumaa

Harufu ya baa asubuhi, kabla haijafunguliwa, haina mfano. Ni bia iliyolala, majivu ya sigara na nta ya kusugulia mbao, vyote kwa pamoja, na ndani yake mna ubaridi kama wa mtungi. Niliisikia tena juzi katika duka moja la vitu vya zamani nilikoingia kutafuta kiti cha jikoni. Ubao mrefu mweusi ulikuwa umeegemezwa ukutani, na mwenye duka akaniambia kuwa ni kaunta ya baa iliyovunjwa. Niliuwekea kiganja. Kiti sikununua. Nilikuwa nimekwisha rudi mbali, nina miaka kumi na tano, na ndoo mkononi.

Wako miongoni mwenu, wenzangu wa rika langu mliolelewa kwa maulidi na chuo cha Kurani, watakaokunja uso nikisema kwamba miezi iliyonifanya niwe mtu niliipitisha ndani ya baa. Siwalaumu. Hata mimi nilikunja uso muda mrefu.

Tulifika London baada ya mapinduzi, mama na sisi watoto watatu: mimi, mdogo wangu Hemedi, na Rukia aliyekuja mgongoni. Baba tulikuwa tumekwisha mzika Unguja. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetutangulia. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akikaa Thornton Heath, kusini kabisa ya mji. Sisi tulipata vyumba viwili juu ya duka la dobi Edmonton, kaskazini kabisa. Kati yetu na yeye palikuwa na mto, mabasi mawili na treni, na maneno kidogo pia, kwani Shangazi alitaka mama akae naye, na mama alitaka ufunguo wake mwenyewe.

Kazi aliyoipata mama ilikuwa kusafisha baa iliyokuwa pembeni mwa mtaa wetu. Kwa watu wa kwetu alisema anasafisha ofisi. Mimi nilijua, kwa sababu siku za likizo alinichukua nimshikie ndoo, na kabla ya kuvuka kizingiti alinipa sharti: "Macho yako chini, mikono yako kazini, na Shangazi yako asisikie." Nami nikaongeza langu la siri, la kuziba pua kila nilipokusanya glasi za jana. Niliamini kabisa kwamba mtu akiivuta ile harufu mara nyingi hulewa.

Wenyeji walisema zamani Edmonton ilikuwa kijiji, na ile ndiyo iliyokuwa baa ya kijiji. Nyumba za matofali zilikuwa zimekwisha kukizunguka na kukimeza, lakini wao waliendelea kukaa mle kama watu wasiopata habari. Kila mzee alikuwa na kiti chake, na mgeni akikikalia hakuambiwa neno, alitazamwa tu mpaka akainuka mwenyewe. Walicheza dhumna kwa kubamiza vipande mezani, sawasawa na wazee wa barazani kwetu, na kwa kugombana vilevile. Harusi zilifanywa pale, na watu wakitoka mazishini waliishia pale. Mchana baa zote zilifungwa kwa sheria, na ulipokaribia wakati kengele iligongwa, wanaume wakanyanyua vichwa, wakamaliza vilivyo mbele yao na kutoka mmoja mmoja kwa utaratibu. Rukia aliamini wanakwenda kusali.

Mwenye baa alikuwa mjane mnene, jina lake Doreen. Mama hakuweza kumwita mtu mzima kwa jina tupu, kwa hiyo akamwita Bi Dorini, na haukupita mwaka baa nzima ikamwita hivyo, hata wazee wa dhumna. Mwisho wa kiangazi wanaume waliolima vishamba vyao kando ya reli walileta mboga zao kushindana. Nakumbuka mama akilizunguka mumunye moja refu lililolazwa juu ya taulo kama mtoto mchanga. Mwenyewe, Mzee Len, fundi wa reli aliyestaafu, alikuwa amesimama kando, kifua mbele.

"Mtalipika vipi?" mama aliuliza.

"Halipikwi," alijibu Bi Dorini. "Linapimwa."

"Halafu?"

"Halafu linapigwa picha."

Mama alinigeukia akaniambia kwa Kiswahili, bila kucheka, "Hawa watu wameshiba."

Mama alikufa mwaka uliofuata, majani yalipoanza kudondoka. Yalikuwa mapafu. Siku tisa hospitalini, basi. Jumatatu ya baada ya mazishi nilikwenda skuli kuwaambia kwamba sirudi. Enzi zile sheria ilimruhusu mtu kuacha akitimiza miaka kumi na tano, na mimi nilikuwa nimeitimiza wiki sita nyuma. Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, nikabisha mlango wa Bi Dorini nimevaa aproni ya mama, iliyonifika kwenye vifundo vya miguu. Alinitazama kwa muda, macho yake mekundu.

"Ndoo unajua ilipo," akasema, akanipisha.

Wiki hiyohiyo alikuja mwanamke wa kaunsili, serikali ya mtaa, mwenye koti la kijani. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alitembea vyumba viwili, akafungua kabati la chakula, akaandika. Kisha akanieleza kwamba wadogo zangu wangepelekwa kwa familia moja nje ya London, na mimi kwenye hosteli ya wasichana, ila akipatikana ndugu mtu mzima wa kutia saini na kukaa nasi. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Hemedi alimuuliza kama familia hiyo ingetuchukua watatu. Akasema hawana nafasi, na akaangalia saa yake.

Ndugu mtu mzima tuliyekuwa naye ni mmoja. Nilimpigia Shangazi kutoka kibanda cha simu, na yeye alikuwa na desturi ya kuzungumza kwenye simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Karatasi ya serikali siitii mkono kabla sijaona kwa macho yangu!" alisema. "Nitakuja siku ya arobaini ya mama yako. Nitaona."

"Utaona nini, Shangazi?"

"Nikishaona nitajua!"

Basi siku zangu zote zikawa za kuhesabu kuelekea arobaini. Nilijua kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua kama Hemedi na Rukia watabaki nami au wataondoka.

Na hapo ndipo ilipotokea glasi. Jumamosi ya kwanza ya kazi yangu niliikuta mwisho wa kaunta, pale mama alipopenda kusimama na ndoo yake. Glasi nyengine zote za jana zilikuwa tupu au nusu. Hii ilikuwa imejaa mpaka juu, rangi ya asali, povu lililokauka limefanya pete ukingoni. Nilidhani mtu ameisahau.

"Hapana, mpenzi," Bi Dorini aliniambia akipita na kreti ya chupa. "Hiyo ni ya mama yako. Ya Ijumaa yake."

Alisema kwa wema kabisa, akaendelea na kreti yake. Mimi nilibaki nimesimama. Ijumaa, siku zote, mama alibaki pale mpaka saa saba kumsaidia Bi Dorini kukata mikate ya wachezaji. Ijumaa alirudi amechangamka kuliko siku nyengine, anatutania, na mdomoni anatafuna karafuu. Nilipokuwa mdogo niliipenda ile harufu ya karafuu. Sasa, nikiitazama glasi, nilidhani nimejua karafuu ilikuwa ya kufunika nini.

Bi Dorini alipopanda juu niliichukua ile glasi kwa mkono ulionyooka, uso nimeugeuza, pua nimeiziba, nikaimwaga kwenye sinki na kufungulia maji kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata niliikuta tena imejaa. Nikaimwaga tena. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kama ningekuwa na ujasiri ningewakataza, lakini niliogopa kwamba nikiuliza neno moja nitaambiwa na mengine. Hemedi na Rukia sikuwaambia. Niliposali nilimwombea mama kwa sauti ya chini zaidi kuliko zamani, kama mtu anayemwombea mwenye kosa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Arobaini ilikuwa inakaribia na mahali pa kuifanyia hapakuwapo. Shangazi alikwisha waalika watu, ishirini na kitu, kutoka kila pembe ya London, na vyumba vyetu havikuenea hata kumi. Mwenye nyumba alikataa hata kabla sijamaliza kuomba. Ukumbi wa skuli ulikuwa na shughuli. Bi Dorini aliniona nimekaa kwenye ngazi na orodha yangu ya majina, akaniuliza nina nini, nikamweleza.

"Si kuna ukumbi wangu hapo juu," akasema. "Jumapili tunafunga saa nane mchana. Hakuna mtu mpaka saa moja. Mlango wake uko uchochoroni, hampiti hata kwenye baa."

Ni ule mlango wa uchochoroni ulioniponza. Nilijiambia kwamba watu watapanda, watasoma hitma, watakula, watashuka, na hakuna atakayejua chini kuna nini. Jumamosi yote nilisugua ule ukumbi. Nilitandika mashuka meupe sakafuni, nikafunika ubao wa kutupia vishale kwa kanga, na Jumapili nikachoma udi ngazini kwa wingi hata Bi Dorini akapanda mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Walikuja. Juzuu zikagawiwa, sauti zikaanza kupanda na kushuka pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe mabega yangu yalishuka. Hemedi alisoma karibu na wanaume, akipotea njia na kurudi. Pilau ilikuwa tayari kwenye masufuria. Shangazi, aliyevaa buibui lake la safari na miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama mara mbili. Kisha akainuka kutafuta maji ya udhu. Bomba la juu lilikuwa na msururu wa wanawake. Yeye si mtu wa msururu. Aliona ngazi ya ndani akaishuka, nami nikamfuata.

Taa za baa zilikuwa zimezimwa. Katika mwanga wa dirishani walikaa wazee watano, kila mmoja kwenye kiti chake, wamevaa tai nyeusi, kofia magotini, na mbele yao hapana kinywaji hata kimoja. Walipomwona Shangazi wakasimama wote kwa mara moja. Bi Dorini alikuwa nyuma ya kaunta amevaa gauni jeusi. Na mwisho wa kaunta, ingawa haikuwa Ijumaa, ilikuwapo glasi, imejaa, povu lake bado bichi.

Shangazi alizitazama chupa zilizopangwa ukutani, moja moja, kama mtu anayesoma.

"Hapa ni wapi?" aliniuliza.

Nilikuwa na uwongo tayari. Ulikuwa mzuri, nilikwisha uandaa siku nyingi. Lakini wale wazee walikuwa bado wamesimama.

"Ni baa, Shangazi. Mama alikuwa akisafisha hapa. Sasa nasafisha mimi."

"Na hawa?"

"Ni wazee wa hapa. Wamekuja kwa ajili ya mama."

"Na ile?"

"Ni ya mama. Alikuwa akinywa. Kila Ijumaa. Sikutaka ujue."

Shangazi akanipita. Alikwenda mpaka kwenye kaunta, akainyanyua ile glasi akaipeleka puani. Nilingoja airushe. Akaonja, akaonja tena, kisha akanigeukia.

"Nani kakwambia hii ni bia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Umeinusa?"

"Hapana."

"Wiki ngapi inawekwa?"

"Tano."

"Wiki tano unamfanya mama yako mlevi kwa sababu wewe umeziba pua? Tangawizi hii! Soda ya tangawizi. Tena wamezidisha sukari."

"Na karafuu, Shangazi?"

"Karafuu gani? Za gego lake? Lilimuuma tokea hajaolewa!"

Bi Dorini hakuelewa maneno lakini aliielewa glasi, akaanza kueleza, na mimi nikafasiri huku machozi yananitoka. Kwao, alisema, mtu wa baa akifa, kinywaji chake huwekwa mahali pake katika siku aliyoizoea, mpaka wale waliobaki watakapoona imetosha. Mama alikataa kila kitu walichompa miaka minne, ila tangawizi ya Ijumaa aliikubali, akainywa wima, maana kukaa hakukubali. Mzee Len akakohoa.

"Tuliikuta tupu kila Jumamosi," alisema. "Tulidhani unamnywea wewe. Tulifurahi sana. Nikamwambia Bi Dorini aijaze zaidi."

Nilipomfasiria Shangazi hayo, alishika kaunta kwa mikono miwili na kucheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akamuuliza Bi Dorini, kwa Kiingereza chake cha hospitalini, "Huyu msichana, kazini anafika?"

"Saa kumi na mbili, kila siku. Yeye ndiye anayeniamsha."

"Anavunja vitu?"

"Glasi mbili. Ameniambia mwenyewe."

Shangazi akatikisa kichwa polepole, akaniambia, "Waambie wapande wakale. Watu hawakai chini ya hitma na njaa." Wakapanda, wamepangana kama watoto wa skuli, na wakakaa kwenye viti kando ya ukuta wakisikiliza kisomo wasichokielewa, vichwa vimeinama. Mzee Len alikula pilau sahani tatu. Alitaka kujua ile mbegu nyeusi ya duara ni nini na kama itaota kwenye kishamba chake. Mgeni wetu mmoja mwanamume aliondoka mapema bila kuaga, na sikumlaumu. Wengine walibaki.

Tulipokuwa tunasugua masufuria, mimi na Shangazi peke yetu, nilimuuliza kama vyumba vyetu vingemfaa.

"Sikuja kutazama vyumba. Vyumba najua ni vidogo. Nilikuja kutazama kama utanidanganya."

"Ulijua?"

"Mama yako alinificha miaka minne, na mimi nilijua tokea mwezi wa pili. Ofisi gani inayompa mtu harufu ile kwenye nywele? Na huo udi wako, mwanangu, haukufika hata nusu ya ngazi." Aliligeuza sufuria, akaendelea kusugua. "Nilikasirika kwa kufichwa. Kwa kufagia sikukasirika. Mimi nafua mashuka ya wagonjwa, nitamcheka nani?"

Jumanne mwanamke wa kaunsili alikuja na karatasi zake. Majina ya wadogo zangu yalikuwa yamekwisha pigwa chapa kwenye moja, na langu kwenye nyengine. Shangazi alimfungulia mlango, akamwonyesha mahali pa kuvulia viatu, na yule mwanamke, baada ya kusitasita, akavua, akakaa na soksi zake kwenye kochi letu. Aliletewa pilau aliyoikataa, kisha akaila. Aliuliza maswali mengi. Shangazi alijibu yote kwa kifupi, na kila alipotaja watoto alinyanyua vidole vitatu, kama aliyeogopa kwamba yule mwenzake atahesabu vibaya. Mwishowe karatasi ile ya majina mawili ikarudi mkobani bila kutumika, na nyengine mpya ikaandikwa kwa mkono, majina yetu matatu, moja chini ya jengine. Shangazi akaisoma yote, na nyuma yake pia ambako hapakuwa na kitu, ndipo akatia saini.

Alihamia Jumamosi, yeye na cherehani yake. Miaka yote iliyofuata Hemedi na Rukia walisoma, mimi nikapiga deki, na sijawahi kuona kwamba nilipunjwa.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni jioni ile ya Jumanne, yule mwanamke alipokwisha kushuka ngazi. Kwa wiki zote zile Rukia alikuwa hataki kuvua viatu ndani ya nyumba. Alikula navyo, alicheza navyo kitandani, nami nilimgombeza nikidhani ni baridi au ukaidi tu wa mtoto. Jioni ile alikaa sakafuni mwenyewe, akafungua kamba polepole, akavipeleka mlangoni akavipanga pamoja na vyetu.

"Sasa hawaji kutuchukua?" akaniuliza.

Nikamwambia hawaji. Akarudi mezani miguu mitupu, akaomba chai.